Bawasiri Iliponinyima Kiti

Kama unasoma maneno haya ukiwa umesimama, au umelala kifudifudi, au umekalia paja moja huku umeuma meno, basi ni wewe niliyekuwa nakufikiria nilipoamua kuandika. Wengine mnakaribishwa pia, ila mtanivumilia, maana nitataja vitu ambavyo kwetu havitajwi mbele ya chakula.

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu ya duka iko Nzuguni, jirani na mashine ya kusaga, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ni kukaa. Nakaa nikipima, nakaa nikikata, nakaa nikishona. Msimu wa sare za harusi nakaa mpaka kiti kinachukua umbo langu. Maji nilikuwa nakunywa kidogo kwa makusudi, kwa sababu choo cha pale tunachangia na watu wa mashine, na ufunguo wake mara uko kwa huyu, mara kwa yule. Haja ikinibana, nami naibana. Mchana nilikula chipsi au chapati na soda. Mboga za majani nilikula akizipika mtu mwingine.

Mwili ulikuwa umeshanionya zamani. Nilipomzaa Tabitha, mtoto wangu wa pili, kilijitokeza kinyama kidogo huko nyuma, kikauma wiki chache, kikarudi chenyewe. Nesi wa kliniki aliniambia hiyo ni bawasiri, wengine wanaiita mgoro, na kwamba inawapata wajawazito wengi kwa sababu ya uzito wa mtoto na kule kusukuma. Kilipopotea, nikakisahau.

Kikarudi kwenye upepo wa kiangazi, wakati ule ambao vumbi la Dodoma linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Safari hii hakikuwa kimoja. Kwenda chooni kukawa ni safari ya kuombea. Nilikuwa naingia na simu ili nipate cha kutazama, maana nakaa huko mpaka miguu inakufa ganzi. Halafu asubuhi moja nikaona damu. Nyekundu, mbichi, inadondoka tone kwa tone. Niliinuka nikashika ukuta.

Damu ilinitisha kuliko maumivu. Baba yangu mzazi alikufa kwa saratani ya utumbo. Kwake pia ilianza na damu chooni, naye akakaa kimya mpaka akabaki mifupa. Kwa hiyo nilipoiona yangu, bawasiri hata haikunijia akilini. Niliwaza kaburi la baba. Na badala ya kukimbilia hospitali, nikafuata njia yake: nikanyamaza. Niliona kama nisipopima, haitakuwa kweli.

Kunyamaza nako kuna kazi yake. Nilishona mto wa duara wenye tundu katikati, nikaujaza vipande vya vitambaa na sponji, nikawa naukalia dukani. Wateja wakaupenda. Mama mmoja alitaka nimshonee kama ule wa makochi yake, wa rangi ya maziwa, wenye marinda pembeni. Nilimshonea kweli, na mpaka leo uko sebuleni kwake, wala hajui anakalia nini.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Mume wangu, Baba Elia, ni fundi umeme kwenye majengo ya wizara kule Mtumba. Ni mtu mpole, haulizi mara mbili. Alikuwa ananiona nasimama nyuma kanisani, nikimwachia nafasi yangu ya benchi mtu mwingine. Alikuwa ananiona nafua nguo zangu mwenyewe kwa siri na kuzianika chumbani. Hakusema kitu. Na mimi nikafurahi kwamba hasemi, nikidhani hajaona.

Wa kwanza kugundua alikuwa jirani yangu wa fremu, mama muuza nywele. Aliniangalia ninavyoinuka, akaniambia bila kuzunguka, "Wewe una mgoro. Kuna unga unauzwa sokoni, ukipaka unakauka wenyewe."

Niliununua unga ule. Nawaomba ninyi msiununue. Nilijifungia bafuni mchana mmoja nikaupaka, na kwa muda mfupi hakikutokea kitu. Kisha ukawaka moto. Nilijimwagia ndoo nzima ya maji, haikusaidia. Nikakaa kwenye beseni la kufulia nikilia kama mtoto, na hapo ndipo Baba Elia alipoingia nyumbani. Siku hiyo umeme ulikuwa umezimwa kazini kwao, akarudi mapema.

"Mama Elia, fungua."

"Siwezi."

"Unaumwa nini?"

Nikamwambia. Nikiwa ndani ya beseni, yeye nje ya mlango wa bati, nikamwambia yote: vinyama, damu, unga, na baba yangu. Halafu nikasikia anakaa chini, mgongo wake ukiegemea mlango.

"Mimi nilidhani una mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Ningejuaje. Unajifungia chooni na simu. Kanisani hutaki kukaa na mimi. Kitandani umenipa mgongo tangu upepo uanze."

"Nimekupa mgongo kwa sababu siwezi kulala chali."

Hapo akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia, nikamsikia anavyojaribu, na mimi kule ndani ya beseni, na machozi yangu, nikaanza kucheka pia. Kucheka kulikuwa kunauma. Tulicheka hivyo hivyo. Kisha sauti yake ikabadilika, akasema, "Kesho naomba ruhusa kazini. Tunakwenda wote. Kama ni ule wa baba yako tutaujua, na kama siyo tutaujua."

Chumba cha kusubiria cha hospitali kilikuwa na mabenchi ya chuma yaliyopangwa kama ya kituo cha basi. Asubuhi ile yalikuwa nusu matupu, na bado tulikuwa wanawake wawili tumesimama ukutani. Mwenzangu nilimfahamu. Alikuwa Mama Nisha, mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Dodoma, ambaye nimenunua kwake vitambaa vya sare tangu nianze ushonaji. Hatukuwa tumewahi kuongea zaidi ya bei na rangi.

"Fundi, hukai?" akaniuliza.

"Nimechoka kukaa, Mama Nisha. Na wewe?"

"Na mimi nimechoka kukaa."

Tukatazamana. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Damu au maumivu?"

"Vyote."

"Mimi maumivu zaidi. Leo vinyama vyangu vinafungwa mpira mara ya pili, vinyauke. Mara ya kwanza nilimuaga mume wangu kabisa, nikampa na maagizo. Nikatoka pale, nikapitia sokoni nikanunua nyanya."

Nilimwambia kwamba nilidhani ugonjwa huu ni wa sisi tunaokula chipsi. Akatikisa kichwa. "Mimi nyama sijaonja tangu nizaliwe. Mboga, dengu, kila siku. Lakini nakaa kwenye kiti cha duka mpaka jioni, na majora ya vitambaa nanyanyua mwenyewe. Daktari amesema ni huko kujikaza. Kila mtu na mlango wake wa kuingilia."

Alipoitwa aliniachia pipi za tangawizi alizokuwa nazo kwenye mkoba. Alipotoka alinyanyua mkono kama mtu aliyeshinda mechi, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Daktari wangu alikuwa dada mdogo, umri wa wadogo zangu. Niliona aibu zaidi kuvua mbele yake kuliko ambavyo ningeona kwa mzee. Nesi alinilaza ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, akanishika mkono na kuniuliza ninashona nguo za namna gani. Nilikuwa katikati ya kumweleza gauni la mshono wa mabega wazi niliposikia daktari anasema, "Tayari, vaa." Sikufika hata mwisho wa gauni.

Akanieleza kwa maneno mepesi. Ni mishipa ya damu ya huko chini imevimba, kwa sababu ya choo kigumu, kujikaza, kukaa muda mrefu, maji kidogo, na uzazi. Zipo za ndani zilizoshuka na moja ya nje iliyochubuliwa na ule unga. Akauliza kuhusu familia yangu. Nilipomtajia baba, aliweka kalamu chini.

"Bawasiri naziona. Lakini sitaki kuzisingizia damu yote kabla sijaangalia utumbo wenyewe. Tutaingiza kamera ndogo."

Siku ya kujiandaa na kamera inastahili simulizi yake yenyewe. Unapewa dawa ya kuharisha, unachanganya na maji mengi, unakunywa mpaka utumbo wote uwe mweupe. Nilikuwa nimepanga siku hiyo nibaki peke yangu. Nimemaliza glasi za mwanzo, mlango ukagongwa. Mama mkwe wangu, kutoka Kibakwe, hakutoa taarifa. Alikuwa na mfuko wa karanga, mboga ya mlenda mkavu ya kutosha mwaka, na kuku hai chini ya kwapa.

"Mbukwenyi," akasalimia kwa Kigogo, kama desturi yake.

"Shikamoo mama, karibu mama," nikajibu, na bila kusubiri marahaba nikakimbilia chooni.

Nilirudi, nikampokea mzigo, nikakimbia tena. Nilimpa maji ya kunywa, nikakimbia. Kufikia mchana mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, midomo ameikunja. Kwetu mtu hamwambii mama mkwe habari za makalio yake. Baba Elia alipofika alivutwa pembeni, na sauti ya mama haijawahi kuwa ndogo.

"Huyu ni mjamzito?"

"Hapana mama. Ni tumbo."

"Tumbo gani linalomfanya mtu asikae na mgeni? Nimemkaribisha mkekani, anasimama kama anafukuzwa. Kuku wangu amelia kwenye basi njia nzima, nimemchinja nimempika, mke wako hata kipande hataki."

Ilikuwa kweli, nilikuwa siruhusiwi kula kitu kigumu. Niliomba mchuzi tu, uliochujwa. Alinichujia kwa chujio la chai, tone kwa tone, bila kunitazama. Nilikunywa nimesimama. Ulikuwa mchuzi mtamu kuliko wote niliowahi kunywa, nikamwambia hivyo, naye akasema, "Ungekaa ungekuwa mtamu zaidi." Kesho yake, sisi tukiwa tunajiandaa kwenda hospitali, yeye akafunga mzigo na kurudi Kibakwe. Hilo liliniuma. Mume wangu alisimama katikati ya mama yake na mimi.

Kwenye kamera walinichoma sindano ya usingizi mwepesi. Nakumbuka taa, nakumbuka nesi akiniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Nilipozinduka Baba Elia alikuwa ameshika viatu vyangu mikononi kama mtu anayelinda mali. Daktari akaja akiwa bado amevaa kofia yake ya kijani.

"Utumbo wako msafi. Hakuna uvimbe wowote. Ni bawasiri tu."

Sijawahi kupenda neno kama nilivyolipenda lile "tu". Nililia, Baba Elia akalia, mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hatujuani akalia kwa kutusindikiza. Ilikuwa ni majira ya zabibu za kiangazi, wauzaji wamejaa barabarani. Mume wangu alinunua ndoo ndogo nzima, tukazila njiani na mbegu zake, na maji ya zabibu yakamchuruzika kwenye shati la kazini. Nilimpigia Mama Nisha. Hata salamu sikutoa, nikasema, "Ni bawasiri tu." Akapiga kelele dukani kwake mpaka mteja akauliza kuna nini, nikamsikia anamjibu, "Rafiki yangu amepata habari njema."

Baada ya hapo matibabu yakafuata majira. Mpira wa kwanza nilifungwa wakati joto linaanza kupanda. Kwa wale mnaoogopa: ni kijimpira kidogo kinachobana shina la kinyama cha ndani, damu isiende, kinyauke na kuanguka chenyewe. Nilihisi kubanwa, kama mtu mwenye haja asiyepata nafasi, na uzito tumboni mpaka kesho yake. Kilipoanguka niliona damu kidogo, nikashtuka, lakini walishanionya. Kama ingekuwa nyingi, au homa, ningerudi mbio. Wa pili nilifungwa wakati ng'ombe wanatafuta kivuli na mawingu yanatudanganya kila jioni. Wa mwisho nilikwenda kwenye mvua za kwanza, viatu vimejaa tope, na nesi yule yule akaniuliza lile gauni la mabega wazi liliishia wapi.

Lakini mipira peke yake isingetosha kama ningerudi kwenye maisha yale yale. Nilianza kunywa maji mchana kutwa, na nikachonga ufunguo wangu mwenyewe wa kile choo. Haja ikija, cherehani inasubiri. Simu haiingii chooni tena. Kuna kigoda kidogo naweka miguu, magoti yakapanda, na kazi inakwisha bila vita. Jioni nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, safi, yasiyo na kitu, na hakuna starehe ya bei rahisi kama hiyo. Baba Elia alileta mbao akanipandishia meza ya kukatia, nikawa nakata nimesimama na kushona nimekaa, kwa zamu.

Na chakula. Nilifungua ule mfuko wa mlenda aliouacha mama mkwe. Mimi nililelewa kwa mlenda, nikauacha nilipohamia mjini nikiuona wa kishamba. Sasa tukarudi: ugali wa dona au uwele, mlenda wenye karanga, maharage, papai asubuhi. Elia, ambaye yuko sekondari, alilalamika wiki nzima kwamba nyumba imegeuka bweni. Kisha nikamsikia anamwambia dada yake amsogezee bakuli.

Jumapili moja, mvua ikinyesha juu ya bati la kanisa, nilikaa. Nilikaa benchi la mbao, bila mto, ubavuni mwa mume wangu, tangu wimbo wa kwanza. Mahubiri siku hiyo yalikuwa marefu kuliko kawaida. Watu walikuwa wanajinyoosha, wanatazama saa. Mimi nilikuwa naomba mchungaji aongeze.

Mama mkwe alikuja tena baada ya mavuno. Nilimpokea kwa woga. Tulikaa uani tukimenya karanga, watoto wako shule, Baba Elia yuko Mtumba. Halafu akasema, macho yake kwenye ungo, "Mwanangu ameniambia ulichokuwa unaumwa siku ile."

Nilihisi uso unapata moto. "Nisamehe mama. Niliona aibu."

"Aibu naijua." Akamenya nyingine, akatupa ganda. "Huyo daktari wa mipira, anafunga na wazee?"

"Anafunga, mama." Nikamtazama vizuri. Sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini mama huyu, kwenye kila msiba na kila harusi, ndiye anayejitolea kuwa jikoni, wa mwisho kuketi. "Tangu lini?"

"Tangu nilipomzaa huyo mumeo."

Mume wangu ana mvi. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nilicheka nikainamia ungo, na nilipoinua kichwa nikakuta mama mkwe anacheka na yeye, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, karanga zinamwagika kwenye khanga yake.

"Alikuwa na kichwa kikubwa," akasema alipopata pumzi. "Usimwambie."

Nilimpeleka mimi mwenyewe. Kwa umri wake daktari alitaka kamera kwanza, nikamchanganyia dawa, nikachuja mchuzi kwa chujio la chai, na zamu hii hakuna aliyekasirika. Utumbo wake ulikuwa safi. Alifungwa mpira, akatoka akaniuliza kama ndiyo kwisha, na njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu kwa sauti vyakula vyote na safari zote alizokataa maishani kwa ajili ya kitu kile.

Akarudi Kibakwe. Nikajua ameendelea vizuri kwa sababu hakupiga simu. Kisha wiki iliyopita akapiga, nyuma yake kukiwa na sauti za wanawake.

"Mama Elia, nimewaeleza wenzangu hapa kisimani. Nimewaeleza kila kitu."

"Kila kitu, mama?"

"Na kichwa cha mumeo. Andaa maji ya uvuguvugu. Nakuja na watatu."

Wamefika jana. Wawili ni wa rika lake, mmoja ni binti mwenye mtoto mchanga mgongoni, na kuku wamekuja nao. Mama Nisha anapita kuwasalimia akitoka dukani. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali wote. Naandika hapa mezani, na kule uani mama mkwe anawaeleza habari ya mpira kwa Kigogo, sauti yake vile vile, mtaa mzima unasikia, na hakuna anayemwambia ashushe.